Mathenge ya Bwana Sudi

Palikuwa na mjane, Mbodze, na jirani yake tajiri, Sudi. Miti ya mathenge, ile ya miiba inayojiotea yenyewe, iliyojaa kiwanja cha Sudi ilikuwa imevuka ua, na mizizi yake ikaanza kupasua nyumba ya Mbodze.

“Baba, nitolee miti yako,” Mbodze aliomba.

“Si yangu. Niliipanda lini? Ikikuudhi, shika jembe.”

Asubuhi iliyofuata Sudi alifika kiwanjani kwake akamkuta Mbodze na ndoo, akimwagilia mathenge.

“Mama, umechanganyikiwa?”

“Namwagilia miti yangu. Umesema hukuipanda wewe, basi niliipanda mimi. Nimeshamwambia chifu, Jumatatu anakuja kuihesabu.”

Sudi akaenda kutafuta vibarua. Kiwanja kilikuwa kimepata mnunuzi, na huko kwao ardhi haiuzwi mpaka aliyepanda miti juu yake aridhike.

Kufikia Jumapili vibarua wake walikuwa wameng’oa kila shina, pande zote mbili za ua, na kuchimbua mizizi hata chini ya ukuta wa mjane, asibakiwe na ushahidi.

“Haya, mwambie chifu wako ahesabu mashimo,” Sudi alisema.

“Pole na kazi, baba,” alijibu Mbodze, huku akikanda udongo wa kuziba nyufa.

Jumatatu chifu hakuja. Hakuna aliyekuwa amemwita.