Madonge ya Mama Irmgard

Kama kwenu kuna mtu anayelazimisha wageni kula, msomee hii kabla hajapakua.

Mzee Ambakisye wa Tukuyu alisafiri hadi Ujerumani kwa jambo moja tu. Mwanawe Lusajo alitaka kumuoa binti wa huko, Annegret, na mama wa binti, Irmgard, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alitaka kwanza amwone baba mtu. Akamwalika chakula cha mchana, Jumapili.

Njiani Lusajo alimuusia baba yake kwamba kwa Wajerumani, kubakiza chakula ni kumwambia mpishi hajui kupika. Chochote atakachopakuliwa, amalize. Mzee hakuona tatizo. Tangu lini mtu wa Tukuyu akaogopa sahani?

Ikaletwa nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye siki siku kadhaa, laini hata meno hayana kazi. Ikaletwa kabichi nyekundu iliyopikwa na matufaha. Kisha madonge ya viazi, kila moja kubwa kama ngumi ya mwashi, na mchuzi juu yake. Mzee alionja kwa wasiwasi, akakuta ni chakula kitamu kweli. Akala, akafuta mchuzi kwa donge la mwisho, sahani ikang'aa.

Irmgard akaitazama ile sahani tupu, akashtuka, akapakua tena.

Haya. Mzee akala. Irmgard akapakua. Mzee akalegeza mkanda, akala. Irmgard akapakua tena. Lusajo na Annegret walikuwa wameshikana mikono chini ya meza, wanatabasamu, kila mmoja akiona mambo yanakwenda vizuri. Mapenzi bwana, yanapofusha.

Jasho likaanza kumtoka mzee. Alitaka kuisogeza sahani pembeni, lakini akamtazama mwanawe na ile furaha usoni, roho ikamuuma. Posa ya mtoto ivunjike kwa sababu ya kiazi? Akaamua kufa na tai shingoni. Akameza.

Irmgard alichungulia bakuli, akatoka kwenda kwa jirani, akarudi na madonge mengine. Hayo nayo yakaliwa. Hapo mama wa watu akaketi, machozi yakamlengalenga. Akasema kwa Kijerumani, na Annegret akatafsiri kwa sauti ndogo.

"Mama anaomba radhi. Madonge yameisha. Anasema ameshindwa kukushibisha, na sasa mtanikataa mimi binti yake."

"Kunishibisha?" Mzee akahema. "Binti yangu, mimi nilishiba sahani ya kwanza. Hizi nyingine nilikuwa namtafutia Lusajo mke."

Ndipo ikajulikana. Annegret alikuwa amemfundisha mama yake kwamba kwa akina Lusajo, mgeni aliyeshiba hubakiza kidogo, na sahani tupu ni aibu ya mwenye nyumba. Muda wote Irmgard alikuwa akiomba Mungu kibaki japo kipande.

Irmgard alicheka mpaka akaegemea meza, akasema ndiyo papo hapo. Mzee alitaka kusimama ampe mkono kwa heshima zote, akashindwa kuinuka. Posa ikamalizwa amelazwa kwenye kochi.

Funzo: Ukitaka kumheshimu mtu, muulize yeye mwenyewe anachotaka. Mkiishia kuulizia mila za kwao tu, mnaweza kuuana kwa adabu.