Maziwa Mawili ya Mama Tambo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mfuko.

Mfuko wa nini?

Wa kubebea wana! Sogeeni basi, na wewe uliye nyuma acha kusinzia, maana leo kuna mtu nusura afe.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya udongo mwekundu, aliishi kangaruu mmoja, mnyama wa kurukaruka mwenye mfuko tumboni, aitwaye Mama Tambo. Alikuwa na wana wawili. Tambo, mkubwa, alishatoka mfukoni. Akisikia njaa hutumbukiza kichwa tu, akanyonya chuchu ndefu. Punje, mdogo, alizaliwa juzi, hazidi haragwe moja, naye aling'ang'ania chuchu fupi bila kuiachia. Ndefu ilitoa maziwa mazito yenye mafuta. Fupi ilitoa mepesi kama maji ya mchele.

Jirani yake, Kasuku, akachungulia mfukoni. Loo!

"Mama Tambo, huoni haya? Mkubwa mazito, mdogo maji!"

Siku ya kwanza Mama Tambo akaufumba mfuko wake. Siku ya pili akalia. Siku ya tatu akasema, "Isije ikasemwa nabagua wanangu." Akambandua Punje kwenye fupi, akambandika kwenye ndefu. Tambo akapewa fupi.

Masikini! Tambo akanyonya, akanyonya, akanyonya, njaa iko palepale. Na Punje? Tumbo likamvimba, mwili ukapoa, akalegea kabisa. Mama Tambo roho juu! Akaruka huku, akaruka kule, akarudi palepale akiimba:

"Punje wangu, Punje,
amka unyonye,
usiniache!"

Mara chuchu ndefu ikasema! Naam, ikasema!

"Mimi si wa Punje. Mimi nampikia Tambo."

"Na mimi nampikia Punje," fupi ikadakia. "Akikua kidogo, nazidisha uzito kidogo. Leo bado."

"Nyie mnakaa mwili mmoja," Mama Tambo akashangaa, "nani kawafundisha mapishi mawili?"

"Mama yako," zikajibu pamoja, "naye kafundishwa na mamaye. Kitabu ni kimoja, ila kila mmoja wetu kafungua ukurasa wake. Haya, fanya haraka!"

Akamrudisha Punje kwenye chuchu fupi, na Tambo kwenye ndefu. Tone la kwanza, kimya. La pili, kidole kikatikisika. La tatu, Punje kanyonya! Kanyonya, jamani! Mama Tambo akaruka kwa furaha mpaka Tambo akaogopa hatashuka tena.

Asubuhi Kasuku huyo, kaja tena. "Bado unabagua?"

"Jirani," akasema Mama Tambo, "wewe unakula mbegu ngumu. Mbona vifaranga wako unawatemea zilizolainika?"

"Ah, hawa si bado wadogo! Ngumu zitawa..."

Kasuku akaruka zake.

Hadithi yangu imefika mlangoni, inavaa viatu. Mkiwa na wana, wapendeni sawa, lakini kila mmoja mpeni kinachomfaa. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kuliko nyote hapa, lile bakuli la maziwa mazito pale jikoni ni langu. Leteni!