Ufunguo wa Kipanga

Sogeeni niwape kesi. Hii si hadithi ya kulalia, ni ya kugombania, na mwenye usingizi aondoke sasa hivi asije akasingizia kwamba hakusikia vizuri. Mimi nauza chai na mahindi ya kuchemsha pale juu, mlima Kitonga unapoishia, na mume wangu Kihwele ana gari la kuvuta magari yaliyoshindwa. Mlima ukimkataa mtu, sisi tunakula. Basi niliyoyaona nimeyaona kwa macho haya, na nisiyoyaona nililetewa hadi kwenye benchi langu na wenyewe, kila mwamba ngoma akivutia kwake.

Palikuwa na mama mmoja wa Tukuyu, Bi Subilaga, na watoto wake watatu, watu wazima wenye nyumba zao. Kila mmoja Mungu alimpa chake.

Gwakisa, kifungua mimba, alipewa sikio. Ni mwalimu wa kwaya. Waimbaji sitini wanaimba, mmoja kule nyuma anateleza nusu sauti, Gwakisa anafumba macho na kumtaja kwa jina. Watu wa kwaya yake wanamwogopa kuliko mchungaji.

Atuganile, wa kati, alipewa jicho. Kazi yake iko Dar es Salaam, kuyatoa bandarini magari yanayotoka Japani, na kwa miaka kumi na minne ameyasoma makaratasi ya Kijapani mpaka yamemkubali. Maandishi ambayo mimi na wewe tunaona ni njiti za kiberiti zilizomwagika, yeye anayasoma huku anakula chapati.

Lusajo, kitinda mimba, alipewa pua. Ni dereva wa lori la mafuta. Mfungulie kidumu cha petroli, atakwambia kama kuna mtu ametia mafuta ya taa humo, hata kama ni kikombe kimoja. Mkewe analalamika kwamba hata mboga iliyoungua jana anaijua leo.

Na mama yao? Hapo ndipo penye mambo. Bi Subilaga aliendesha gari la wagonjwa la hospitali moja ya misheni kwa miaka thelathini, matope na ukungu wa kule kwao anavijua, na wanawake waliojifungulia njiani mikononi mwake wana wajukuu sasa. Alipostaafu akajinunulia gari la Kijapani, la zamani, jekundu, lenye turbo. Kwa wasiojua, turbo ni kifeni kinachoisindilia injini hewa ili injini ndogo ivute kama kubwa. Gari akaliita Kipanga. Kila mwaka baada ya mavuno alishuka nalo kwenda kumsalimia dada yake Mikumi, akapanda nalo kurudi. Miaka kumi na tisa! Hakuwahi kusimama katikati ya Kitonga, na hakuwahi kuvutwa. Mume wangu akiliona lile jekundu linapita alikuwa anavua kofia na kuniambia, mama Tulizo, yule hatutamla kamwe.

Mwaka huu daktari wa macho alimwambia Bi Subilaga yatosha. Akawaita wanawe na kuwaambia maneno ambayo wote watatu walinirudia vilevile, bila kutofautiana hata neno.

"Nitapanda Kitonga mara ya mwisho kwa mikono yangu. Nikifika juu bila kuvutwa, mmoja wenu atapokea ufunguo palepale. Nikivutwa, Kipanga anakwenda kwa watu wa vyuma chakavu, maana Kipanga aliyevutwa si Kipanga tena."

Mnaielewa hiyo? Wale watoto wamekulia nyuma ya mama yao, ndani ya lile gari la wagonjwa. Kuushika usukani wa Kipanga kwao ni kuambiwa mbele za watu kwamba, wewe ndiye niliyekuona. Kila mmoja aliutaka, na kila mmoja aliogopa kusikia jina la mwenzake. Wakafunga safari wote.

Kurudi kutoka Mikumi, gari likabeba watu wazima wanne na magunia mawili ya mchele wa dada yake mama. Kule Mikumi waliingia kituo cha mafuta chenye pampu mbili za petroli, moja ya namba ndogo na moja ya namba kubwa. Lusajo akafungua mdomo. Mama yake akamfunga kwa jicho moja, akamwambia muuzaji aweke ile ya namba ndogo, ya siku zote. Gari limezeeka kama yeye mwenyewe, alisema, na mzee hupewa uji.

Msimcheke. Huko kwao Tukuyu ni baridi, tena miaka yote alisafiri peke yake, mguu wake mwepesi, gari halina mzigo. Kipanga alikuwa ananyamaza, na mama akadhani kunyamaza ndiko kuridhika. Wangapi hapa mmeolewa mkafanyiwa hivyohivyo?

Basi wakaanza kupanda, saa saba mchana, jua limesimama utosini, malori yananguruma mbele na nyuma. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kona ya tatu Gwakisa akawaomba wote wanyamaze. Alisikia kitu, punje za mahindi ndani ya kopo, kwa mbali sana. Mama akikanyaga mafuta zinalia, akilegeza zinakoma. Atuganile hakusikia kitu. Lusajo, anayelala na kuamka na injini, hakusikia kitu. Mama akasema ni kokoto zinagonga chini ya gari, na akaongeza mwendo, maana hapo ndipo mlima unapokuwa mkali. Gwakisa akaegemea mbele, akaweka mkono begani kwa mama yake.

"Mama, ondoa mguu. Kipanga anaumia."

Miaka kumi na tisa hajasimama Kitonga, na leo anaambiwa asimame, tena na mtu ambaye hajui hata kubadilisha plagi! Gwakisa hakuondoa mkono. Bi Subilaga akaendesha mita hamsini nyingine akiwa amekunja uso, kisha akalegeza, akaingia taratibu penye uwazi kando ya kona. Hakuzima papo hapo. Aliiacha injini ingurume polepole dakika tatu ili turbo ipoe, maana hata katika hasira anajua kazi yake, ndipo akazima.

Mume wangu ameshavuta magari mengi yaliyolia mlio huo na mwenyewe akaendelea kukanyaga. Anasema ukiifungua injini unakuta pistoni ina tundu la kupitisha kidole. La kuvunda halina ubani. Kwa hiyo sikio la Gwakisa ndilo lililoiokoa injini ya Kipanga, na kona moja zaidi tungekuwa na hadithi nyingine.

Kihwele alikuwa amekwishafika na mnyororo wake. Akasalimia kwa adabu, akasema, mama, juu si mbali, nikufunge taratibu. Bi Subilaga akamjibu kwamba yeye havutwi. Mume wangu akaketi juu ya jiwe akasubiri, maana anaujua mlima, na alijua pia kwamba yule mama hawezi kuupanda kwa maneno matupu.

Lusajo akafungua boneti. Oili ipo, maji yapo, plagi safi. Wakakuna vichwa. Ndipo Atuganile akazunguka nyuma, akafungua kile kilango cha tanki. Ndani yake palikuwa na stika ya umoja wa wanawake wa kanisani kwao, imebandikwa vizuri. Akamuuliza mama yake chini yake kuna nini. Mama akasema, kulikuwa na maandishi ya Kijapani tu, hakuyaelewa, akaona afadhali apafunike kwa kitu cha maana.

Atuganile akaanza kubandua kwa kucha. Mama yake akamwambia aache, hiyo ni stika ya kanisa na ina miaka kumi na tisa. Atuganile ni mtoto mtiifu, mniamini, nimekaa naye. Lakini aliendelea kubandua, kucha ikakatika, akaendelea kwa nyingine. Maandishi yakatokea, yamefifia, nusu yametoka na gundi. Akayatazama kwa muda, akasoma: petroli ya namba ya juu peke yake.

Kisha akawaeleza, na hapa hata mimi muuza mahindi nilielewa. Ile namba si ukali wa petroli, ni uvumilivu wake. Turbo inashindilia hewa, hewa ikishindiliwa inapata moto, na petroli ya namba ndogo haivumilii, inawaka yenyewe kabla plagi haijaiita. Kule kuwaka kabla ya kuitwa ndiko kunakopiga pistoni, na ndizo zile punje alizozisikia Gwakisa. Ongeza joto la bondeni, mlima, watu wanne na mchele.

"Mama, huyu si mzee anayetaka uji," alisema. "Ni mpiganaji, na sisi tumemlisha uji miaka kumi na tisa."

Bi Subilaga akaokota vipande vya stika. Malori mawili yakapita. Kisha akasema, "Nimekosa." Watoto wake watatu, mkubwa ana miaka arobaini na sita, hawakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Bila jicho la Atuganile wangehangaika na plagi hadi jioni, wakawasha, wakasikia mahindi yaleyale, na Kihwele angewafunga mnyororo.

Lakini kujua ugonjwa si kupata dawa. Lusajo akachukua vidumu viwili, akasimamisha lori la mwenzake, akashuka bondeni. Kituo cha kwanza, jina silitaji, kilikuwa hapohapo chini na pampu yake iliandikwa namba kubwa kwa rangi nyekundu. Muuzaji akaisifia. Lusajo akaomba tone kiganjani, akasugua, akanusa, akasema asante kaka, akaondoka. Yamechakachuliwa, mna mafuta ya taa humo, na mafuta ya taa yanaishusha ile namba hata kama ukutani wameandika elfu moja. Jua linawaka, mama yake yuko kando ya kona na Kihwele ameketi juu ya jiwe, na mtu ameyaacha mafuta yaliyo mbele ya pua yake! Kituo cha pili kilikuwa na namba ndogo tu. Cha tatu kilikuwa mbali, akatembea kipande kwa mguu. Akanusa kiganja, kikakauka bila kuacha harufu ya jiko. Akajaza.

Alirudi juu ya lori la vitunguu baada ya saa tatu na nusu, midomo imepasuka, vidumu viko katikati ya miguu yake. Wenzake walikuwa wamekwishayafyonza ya zamani yote kwa mpira. Angekubali yale ya kwanza, wangeondoka mapema na kuvutwa mapema.

Bi Subilaga akaketi, akafunga mkanda, akawasha.

Sasa hapa ninasimulia niliyoyaona mwenyewe. Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikasikia ule mluzi wa turbo unatoka chini, mwembamba, safi, kisha jekundu likachomoza kona ya mwisho, na nyuma yake mume wangu, mnyororo mtupu, anapiga honi kama anasindikiza bibi harusi. Wauza nyanya wakasimama, madereva wa malori wakasimama. Gwakisa alikuwa amefumba macho anasikiliza, anatabasamu. Nililia, sioni haya kusema. Mwanamke wa miaka sabini na moja, macho nusu, amelipandisha gari la zamani mpaka juu na hakuna aliyemgusa!

Akaegesha mbele ya benchi langu, akaiacha injini ipumue, akazima, akachomoa ufunguo. Watoto wakateremka wakajipanga. Gwakisa akasema, bila sikio langu hakuna injini. Atuganile akaonyesha kucha zake, akasema, bila jicho langu mngejua nini? Lusajo akasema, sikio na jicho havijazwi kwenye tanki. Mume wangu naye, nani alimwita, akadakia kwamba hata mguu wa mama ulioondoka kwenye mafuta ulikuwa na kazi yake. Nikamwambia anyamaze anywe chai.

Bi Subilaga aliwasikiliza wote. Kisha akauweka ufunguo juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, akazunguka gari polepole akilipapasa kwa kiganja, akafungua mlango wa nyuma, akaketi nyuma, kama walivyokuwa wanaketi wao kwenye gari la wagonjwa walipokuwa wadogo. Akaniomba chai.

"Mimi nimewafikisha," alisema. "Nikimtaja mmoja, nitakuwa nimewasahau wawili walionipandisha. Tajeni nyinyi. Lakini si kila mtu ajitaje mwenyewe."

Mlango wa dereva ulikuwa wazi na kiti ni kitupu, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Wale watatu waliotoka kugombana wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono. Chai ya mama yao ilipoa wamesimama.

Mimi najua ni nani aliyemwendesha Kipanga hadi Tukuyu siku ile, nami siwaambii ng'o. Waliobishana walikuwa na damu yao kwenye jambo hili, nyinyi hamna, kwa hiyo hukumu yenu itakuwa safi kuliko yao. Lakini kabla hujataja jina, mfikirie yule mama kiti cha nyuma anayekusikiliza, na wale wawili utakaowapita. Haya, ufunguo uko juu ya boneti. Wewe ungemkabidhi nani?