Jiwe Mlangoni pa Wazoa Taka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Nafasi ipo.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao. Mji ulikuwa na soko, na soko lilikuwa na taka. Taka, taka, taka. Maganda ya ndizi, mabua ya mahindi, vichwa vya samaki. Kazi ya kuzizoa ilikuwa ya Bi Zamda, ngiri wa makamo. Alikuwa na mikokoteni yake, kwichi kwichi, kwichi kwichi, na wazoaji wake waliimba njia nzima:

Zoa tuzoe, mji upumue,
Beba tubebe, mto upumue.

Mwaka mmoja wazoaji wengi walikwenda kwao kulima. Taka zikarundikana mpaka ukingo wa mto. Na mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya.

Nyumbu, mkuu wa soko, akaja kwa Bi Zamda. "Mvua ikizikuta taka hizi, zitaingia mtoni na watoto wataumwa matumbo. Ukishindwa sema, tutafute mwingine."

Bi Zamda akaanza kutafuta wazoaji wapya.

Ndipo akaja Bweha. Manyoya kayachana, sauti kailainisha.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Nasikia unatafuta wazoaji."

"Marahaba. Natafuta."

"Ninao kakakuona, nimewatoa mbali. Hawachoki, hawaumwi, hawaombi ruhusa. Ujira wao, mchwa tu. Nipe mimi, nitawagawia."

Jamani, mnyama asiyechoka mmewahi kumwona?

Hatujamwona!

Basi hata Bi Zamda hakuwahi kumwona. Lakini alitazama mawingu, akasema ndiyo.

Kesho yake kakakuona wakaja. Wakazoa, wakabeba, wakatupa. Wenye maduka wakafurahi. Lakini mikokoteni ilipita kwichi kwichi, kwichi kwichi, basi. Hakuna wimbo, hakuna utani. Na kila Bi Zamda alipouliza neno, Bweha alijibu.

"Mmekula?"

"Wamekula," akasema Bweha.

"Wewe binti, mguu umefanya nini?"

"Alijikwaa," akasema Bweha.

"Jina lako nani?"

"Hana mazoea ya kuongea," akasema Bweha.

Bi Zamda akarudi nyumbani roho haijatulia. Mtu hawezi kutaja hata jina lake? Akajiuliza, hivi nimewapa kazi, au nimewapa nini?

Siku iliyofuata Bweha akaenda zake kunywa togwa. Bi Zamda akachukua beleshi, akaingia kwenye taka mwenyewe, akasimama ubavuni mwa yule binti mwenye mguu mbaya. Chapu, chapu, chapu. Hakumuuliza kitu. Wakazoa mpaka jua likawa la utosi. Kisha akafungua jani la mgomba lililojaa mchwa, akamsogezea. Binti akala, ulimi nje, ulimi ndani, nje, ndani, mpaka jani likabaki tupu.

"Leo ukimaliza kazi unakwenda wapi?" akauliza Bi Zamda.

"Shimoni."

"Na kesho ukitaka kwenda kwenu?"

Binti akatazama kushoto, akatazama kulia. "Kuna jiwe," akasema kwa sauti ndogo.

"Jiwe gani, mwanangu?"

"La mlangoni. Tukiingia, Bweha analisukuma. Anasema ni kwa usalama wetu. Anasema ngiri wa mji huu wanakula kakakuona."

Bi Zamda akaweka beleshi chini. "Mimi nakula majani na mizizi," akasema.

Binti akamtazama sana. "Naitwa Siwema," akasema.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Bi Zamda akapitia kwa nyati, walinzi wa soko, akawaambia wamfuate. Yeye akatangulia kwenda shimoni. Akamkuta Bweha ameketi juu ya jiwe kubwa, anatafuna mchwa. Mchwa wale wale wa ujira.

"Liondoe," akasema Bi Zamda.

"Ah, Bi mkubwa, wakitoka watapotea. Na wakipotea, kesho nani atakuzolea? Mvua si hiyo inakuja?"

Bi Zamda akatazama mawingu. Akamfikiria Nyumbu. Akafikiria mikokoteni yake mikononi mwa mwingine. Kisha akamfikiria Siwema kule ndani, gizani.

"Taka zitabaki," akasema. "Shuka."

Bweha akatoa meno. Bi Zamda naye akainamisha kichwa, na meno yake marefu yaliyopinda yakaelekea mbele. Bweha akayatazama, akaruka pembeni. Bi Zamda akasukuma. Gudu, gudu, gudu, puu, jiwe likaporomoka bondeni. Bweha akatimka mbio, akaangukia mikononi mwa nyati, wakaondoka naye.

Mle shimoni, tii, kimya. Kakakuona wote walikuwa wamejiviringisha kama mipira. Walidhani sasa wataliwa.

Bi Zamda hakuingia. Alirudi nyuma, akaketi chini, mbali na mlango. "Pako wazi," akasema. "Mimi siingii."

Akangoja. Akangoja sana. Mwishowe ikachungulia pua. Ilikuwa ya Siwema.

"Nikitoka nikaenda zangu?"

"Nenda."

"Nikitaka kurudi kazini?"

"Utarudi. Na ujira utaupokea mwenyewe."

Siwema akatoka, akavuta pumzi, fuuu. Wakatoka na wengine, mmoja mmoja. Wengi walishika njia ya kwao jioni ile ile. Siwema akaketi karibu na Bi Zamda.

"Nisamehe," akasema Bi Zamda. "Niliona, lakini nikatazama mawingu."

"Ungeniuliza mimi peke yangu, siku ile ya kwanza," akasema Siwema.

"Kweli. Ningekuuliza."

Asubuhi Nyumbu akapata habari. Alichukua kapu, akaanza kuzoa. Soko zima likamfuata. Mvua ikaja, na taka kidogo ziliingia mtoni, siwadanganyi. Lakini mji ulipona.

Tangu hapo Bi Zamda hakupokea mzoaji kwa mdomo wa mwingine. Humuita peke yake, humuuliza peke yake, na huenda kuona anapolala. Siwema alipopona mguu alikwenda kwao kumwona mama yake. Akarudi mwenyewe, akafanya kazi, akaondoka tena alipotaka. Hakuna aliyemzuia.

Basi, wanangu, na ninyi wenzangu, mafunzo ni haya: mtu anayekufanyia kazi lazima awe huru kusema na huru kuondoka. Akijibiwa na mwingine, usinyamaze. Muulize yeye, na umuulize mapema.

Ngano yangu imekomea hapa. Mimi nimenyamaza, semeni ninyi.