Nyumba Isiyouliza

Mfano huu aliusema kwanza baba yangu mkubwa, Yeremia Kasubi, katekista wa Igolwa, Jumapili ya kwanza ya Agosti mwaka 1959, mbele ya watu wazima waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo. Yeye mwenyewe alikuwepo katika uwanja wa ikulu siku mambo haya yalipotokea, mwaka mmoja kabla. Nimeusikia ukisimuliwa na wengine kwa nyongeza nyingi. Hapa naandika alichosema yeye.

Mtemi mmoja alikuwa na ikulu ya vyumba kumi na viwili, na katika vyumba vyote hivyo hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuuliza swali. Jina lake Malembeka. Sheria hiyo hakuitunga, aliikuta. Wazee wake walisema kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na mtawala akionekana hajui, nchi itamtafuta anayejua. Kwa hiyo mtu wa ikulu hakuuliza. Alinyamaza, akangoja aambiwe. Mtemi akisikia njaa, alitazama mlango wa jikoni akasema, "Jua limekwenda mbali leo," na wapishi wakakimbia. Mgeni akifika, walimketisha wakamtazama tu mpaka ajitaje mwenyewe. Na mwanamke aliyeolewa humo, akiuliza hata chumvi iliko, alikunjiwa mkeka wake akarudishwa kwao siku ileile.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwandishi, Milembe, binti wa fundi cherehani, mwenye miaka ishirini na sita. Hadithi zake zilikuwa zimechapwa katika vitabu vitatu vyembamba, na watu walivisoma hadi kurasa zikaachana. Hakuwa na meza. Aliandikia kwenye mashine ya kusaga, ameketi juu ya debe lililogeuzwa, wanawake wakingoja zamu zao. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Mume alisema nini? Na wewe ukamjibu nini? Na mbuzi alikuwa wapi wakati huo? Wanawake walimcheka. "Wewe binti, hata ungezaliwa na masikio manne yasingekutosha," walimwambia, kisha wakamweleza yote.

Mwana wa Mtemi, Shigela, alisoma kimojawapo cha vitabu hivyo, akakirudia, akapanda baiskeli maili thelathini kumtafuta aliyekiandika. Wanaosema alikwenda kwa gari wanakosea. Alifika amejaa vumbi hadi kwenye kope. Hakumwuliza Milembe kama atakubali kuolewa, maana hakujua namna ya kuuliza. Alisema tu, "Nyumbani kwetu kuna kiti kitupu." Milembe alingoja swali. Halikuja. Akacheka hadi akashika mbavu, akasema, "Basi nitakuja kukikalia." Alimpenda tangu saa hiyo, na hakuacha.

Arusi ilichezwa siku tatu. Wakampa chumba chenye madirisha mawili, meza ya mninga, kalamu ya wino na karatasi za kutosha mwaka mzima. Mtemi alikuwa akikaribia kutimiza miaka thelathini katika kiti. Alitaka siku ya kuitimiza mkwe wake asome mbele ya nchi yote habari za mwaka wa panzi, ile njaa kubwa ya mwaka wa pili wa utawala wake. Milembe aliipokea kazi hiyo moyo ukimruka. Kitabu cha nchi nzima! Alinoa penseli tano ingawa alikuwa na kalamu.

Akangoja aambiwe, nao wakamwambia. Mtemi alisema, "Mwaka ule niliwalisha watu." Mama mkwe akasema, "Mtemi aliwalisha watu." Wifi yake Limi, aliyezaliwa njaa imekwisha, naye akasema vilevile. Milembe akaandika: Mtemi aliwalisha watu. Miezi sita ikapita, na juu ya meza ya mninga palikuwa na mstari huo mmoja.

Limi alikuja kuchungulia. "Wifi," alisema, "tumekupa karatasi za mwaka mzima, nawe umetupa mstari mmoja. Hata mlevi akipita barabarani hutuachia maneno zaidi ya hayo."

Zilibaki siku tisa kabla ya sherehe. Milembe akisoma mstari ule mmoja tu, atamwaibisha mkwe wake mbele ya nchi, na hatakuwa mwandishi tena. Akiuliza, atampoteza Shigela. Asubuhi hiyo alilia, akanawa uso, akatia mahindi kidogo katika kikapu, akashuka kwa miguu hadi mashineni.

Wanawake walipomwona mke wa ikulu walisimama wampishe. Akakataa. Akapanga foleni nyuma ya mjane mmoja mzee, Bibi Nshoma. Kisha akasema, kwa sauti ya kushinda mashine:

"Bibi, mwaka wa panzi ninyi mlikula nini?"

Msagaji akazima mashine. Wote mle ndani walijua swali lile lingemgharimu nini aliyeuliza. Bibi Nshoma aligeuka, akamtazama kuanzia miguu hadi kilemba.

"Mwanangu," alisema, "miaka ishirini na minane nangoja mtu wa kule juu aniulize hilo. Weka kikapu chini."

Hapo wakaanza wote kwa pamoja, wanakatizana, wanasahihishana, mmoja analia na mwingine anacheka, unga umesahaulika. Ni kweli Mtemi alifungua maghala. Yalikuwa mawili, na yaliisha mwezi wa tatu. Baada ya hapo vijiji vilikula mizizi na majani. Ikulu nayo haikuwa na kitu, ila wenyewe hawakujua, kwa kuwa hawakuuliza. Mpishi wao alishuka vijijini akilia, akaeleza. Wanawake arobaini na wawili walikuwa wameficha mbegu za kupanda chini ya vitanda. Wakasema mtemi akifa nchi huvamiwa, na balaa la njaa peke yake linatosha. Wakazisaga mbegu zile kwa mawe, na kila alfajiri watatu wao walipeleka mabakuli matatu mlango wa jikoni, wakayaweka, wakaondoka. Walifanya hivyo hadi mvua iliponyesha. Mtemi alikula. Alitazama sahani yake, akangoja aambiwe unga umetoka wapi. Mpishi hakuthubutu kumwambia. Basi akaamini maghala yake hayajaisha, na tangu mwaka ule alisema kwamba yeye ndiye aliyewalisha watu.

Milembe alirudi akikimbia, mke wa ikulu, viatu mkononi. Jioni alimwambia mumewe alichofanya. Shigela akasema, "Mkeka wako unatosha watu wawili."

Akaandika siku nane. Wanawake walipita dirishani wakimletea walichosahau: jina la mpishi, rangi ya bakuli, aliyeanguka njiani na bakuli lake asilimwage. Aliandika huku akila, huku akisukwa nywele. Baba mkubwa alisema wino ulimwingia hadi kwenye kwapa, na hakuwahi kuonekana mzuri kama juma lile.

Siku ikafika. Watu walijaa uwanja, vijana wakapanda juu ya paa la ghala. Ng'ombe kumi walikuwa wamechinjwa. Milembe alisimama akasoma. Alianza na maghala mawili, akamsifu Mtemi kwa kuyafungua, na watu wakapiga vigelegele. Kisha akasoma habari za mabakuli. Vigelegele vikakatika. Alisoma majina arobaini na mawili, moja baada ya jingine, na kila jina lilipotajwa sauti moja mahali fulani uwanjani iliitika, "Huyo ni mama!" au "Huyo ni bibi!" Kufikia mwisho watu walikuwa wamesimama wote. Limi alikwisha kuingia ndani, akatoka na mkeka wa wifi yake begani.

Mtemi Malembeka aliinuka. Akanyamaza kama ilivyo desturi yake, akangoja aambiwe. Hapana aliyemwambia kitu. Watu nao walikuwa wamejifunza kungoja. Kimya kile kilirefuka hata watoto wakaacha kucheza. Kisha yule mzee akamgeukia Bibi Nshoma, mmoja wa wale arobaini na wawili, aliyesimama mbele, midomo ikahangaika kama ya mtu anayeonja kitu asichokijua.

"Mama," alisema, "asubuhi ulipoleta bakuli, nyumbani uliacha watoto wangapi?"

"Watano, Mtemi." Akapumua. "Mvua iliponyesha walikuwa watatu."

Mtemi akakiacha kiti. Akaketi ardhini mbele yake, akamwuliza majina ya wale wawili. Akaambiwa. Akamwuliza mwanamke wa pili, na wa tatu. Ndipo uwanja ukalipuka. Kila mtu alikuwa na jambo la kuuliza na jambo la kujibu. Mama mkwe, baada ya miaka thelathini, alimwuliza mpishi wake anaitwa nani kwao. Watu wa paa walishuka wasipitwe. Limi alizunguka na mkeka begani, asijue wa kumpa.

"Kama anayeuliza anarudishwa kwao," alisema mwishowe, "basi tufungashe wote, na Mtemi atangulie." Akautandika mkeka chini, akaukalia, akamwuliza jirani yake swali la kwanza la maisha yake. Nyama ilipoa. Hakuna aliyeikumbuka hadi jua lilipoanza kushuka.

Baba mkubwa hakufafanua mengi. Alisema ikulu ni moyo wowote ulioshiba, na bakuli la mlangoni ni kila chema tunachokula bila kujua kimetoka kwa nani. Kisha alifunga kitabu chake.

Mtemi Malembeka alifariki mwaka 1972, Bibi Nshoma mwaka 1975, Shigela mwaka 1994, na baba mkubwa mwaka jana. Milembe yu hai na bado anaandika. Limi yu hai, ila haoni vizuri. Na kati ya wale watoto watatu wa Bibi Nshoma waliobaki amesalia mmoja, Mzee Kashindye, anayekaa nyumba ya pili nyuma ya kanisa letu: ni nani kati yetu amewahi kumwuliza jambo lolote?