Ubao wa Mwalimu Nsimire

“Waliopeana mgongo hawasomi ubao mmoja.” Mmeisikia leo sokoni, wajukuu zangu, na mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Vita vilipokoma, vijiji vya Kabingo na Mutimbo vilibaki na shule moja isiyo na paa. Wazazi waliiezeka kwa zamu, kila kijiji na siku yake, maana walikuwa hawasemezani. Mzee Ruhamya wa Kabingo akatoa sharti: watoto wa vijiji hivyo wakalishwe wakipeana mgongo, la sivyo wa kwake hawatakanyaga pale. Mzee Kasibo wa Mutimbo akaafiki.

Mwalimu Nsimire alikuwa na ubao mmoja tu, mlango wa ghala lililoungua. Kutwa akaubeba kichwani, mara huku, mara kule, jasho likimtiririka, na watoto wakaambulia nusu ya kila somo. Akaona hivi haviendi.

Akawaita wazazi, akabandika sufuria ya uji nje, akawakalisha vilevile walivyoagiza. Akauegemeza ubao upande wa Mutimbo, akaandika. Mutimbo wakasoma, wakaangua kicheko.

Ruhamya, aliyewapa mgongo, akajikaza. Kicheko kikazidi.

“Mwalimu, wanacheka nini hao?”

“Maandishi, mzee.”

“Yanasemaje?”

“Yapo ubaoni.”

Ruhamya akakuna kichwa, akakohoa, akashindwa kuvumilia. Akageuka, akasoma polepole, silabi kwa silabi: “Mzee Ruhamya atageuka kabla uji haujaiva.”

Nsimire akamkazia macho. Mzee akikasirika, shule imekufa. Ruhamya akachungulia nje, akaona sufuria ya uji haijaanza hata kutokota. Akapasuka kwa kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

Kasibo akageuka, akaiokota. “Shika kofia yako, ndugu yangu.” Walikuwa hawajasemezana miaka minne.

“Na wewe Kasibo ulinicheka?”

“Kuliko wote!”

“Basi wageuzeni watoto,” akasema Ruhamya, akifuta machozi. “Mimi mzee mzima nimeshindwa kukaa hivi hata kabla ya uji kuiva. Wao wataweza mwaka?”

Madawati yakageuzwa papo hapo, wazee wakiyainua pamoja na kutaniana. Mwalimu Nsimire akautundika ubao ukutani, akanyoosha shingo yake, akacheka peke yake kwa raha.

Tangu hapo, wakinuniana wawili huku kwetu, huambiwa: waliopeana mgongo hawasomi ubao mmoja.