Gari Lisilokohoa

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Maana yake ni kwamba usikitupe kikuukuu chako kinachokufaa kwa sababu umeona kipya cha kupita. Abdoul-Karim, muuza vitenge wa Uvira, aliijua methali hii tangu utotoni, lakini kujua si kutii.

Alikuwa na gari dogo la mizigo la dizeli, kuukuu, lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Watu wa Kalundu, mtaani kwake, walilibatiza jina la Kikohozi, kwa jinsi lilivyokohoa likipanda hata kilima kidogo. Kila Jumapili Kikohozi kilimpeleka Luvungi kwa mama yake, aliyekuwa akiishi na Fadhila, mdogo wake Abdoul-Karim. Macho ya mama yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima. Kikohozi kikiwa bado mbali kwenye mashamba ya mpunga, yeye alikwisha kusema, "Karim huyo! Wekeni maji motoni."

Kisha majivuno yakamwingia. Alikwenda Dubai kununua mali, akaona gari la umeme jeupe kama maziwa, viti vya ngozi, kioo kipana kama televisheni. Bei yake, lahaula! Ingejenga nyumba mbili za matofali, na ua juu yake. Alilinunua hivyo hivyo, likavushwa bahari na ziwa. Kikohozi alikiuza kwa bei ya kutupa kwa Ndayiragije, mkulima wa mpunga wa Luvungi.

"Papa Akram," mkewe Yasmine alimwambia, "huku umeme unakuja kama mgeni. Hilo gari utalilisha nini?"

"Weye unaogopa maendeleo," alimjibu akicheka.

Tusilisingizie, gari lilikuwa zuri. Lilikwenda kimya kabisa, wala hakununua tone la mafuta kwa miezi miwili. Ila liliumbwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine, na hilo hakutaka kuambiwa.

Masika yalipochachamaa, umeme ulikatika siku tatu mfululizo. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, Fadhila alipiga simu akilia.

"Yaya," alisema, maana ndivyo mdogo amwitavyo mkubwa wake huku kwetu, "mama anapumua mubaya. Kituo cha afya kinasema tumupeleke Uvira kwenye oksijeni, tena upesi. Ndayiragije iko hapa na Kikohozi. Tumupandishe?"

Abdoul-Karim aliona haya. Mama yake, mama wa mwenye gari lile, aletwe mjini juu ya magunia ya mpunga? Watu wangesema nini?

"Hapana! Ile gari itamuvunja mifupa. Muningoje. Minye nakuja na hii mupya, atalala kama kitandani."

Betri ilikuwa karibu kuisha, na jenereta ya duka iliweza kuwasha taa tu. Kioo kilisema zimebaki kilomita themanini. Luvungi ni kama sitini, na huko, alijiambia, hatakosa mwenye jenereta kubwa. Basi akaondoka. Maskini, kioo kile kilifundishwa hesabu kwenye lami ya Dubai. Matope ya bonde la Ruzizi hakikuyajua. Karibu na njia ya kuingia Mutarule kilianza kulia, kikawa chekundu, kikazima. Gari likagoma kama punda.

Wanaume waliotoka shambani walilisukuma mpaka jasho likawatoka, lakini magurudumu yalikuwa yamejifunga yenyewe. Mwendesha pikipiki mmoja akasimama.

"Papa, panda nikufikishe. Luvungi si mbali tena."

Abdoul-Karim aliitazama pikipiki, akalitazama gari lake. "Niache mali kama hii njiani waibomoe? Siwezi." Mwenye pikipiki akatikisa kichwa, akaenda zake. Abdoul-Karim akampigia Fadhila simu. "Mungoje kidogo tu, natafuta watu wa kunivuta."

Alitafuta mpaka saa saba, asipate mtu. Mara, kutoka upande wa Luvungi, akasikia kikohozi anachokijua. Moyo ukamruka kwa furaha. "Alhamdulillahi! Wanamleta!" Akakimbilia katikati ya barabara, akipunga mikono yote miwili.

Kikohozi kilisimama. Ndayiragije akashuka taratibu, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Nyuma, juu ya mkeka uliochakaa, mama alikuwa amelazwa, kichwa mapajani mwa Fadhila, kitenge kimemfunika mpaka usoni.

"Tumekungoja saa nne nzima, Yaya," Fadhila alisema. "Kila mara aliuliza, 'Karim iko wapi? Mbona sisikii gari?' Nikamwambia gari yako mupya haina sauti. Basi akawa anasikiliza tu. Nilipoona anazidiwa nikamwita Ndayiragije. Mama kusikia Kikohozi, akatabasamu. Akasema, 'Mwanangu amefika.' Sikuwa na moyo wa kumwambia siyo weye. Tulikuwa tumevuka mashamba tu, akakata roho. Tukaona tumulete kwako Uvira."

Abdoul-Karim alipiga magoti matopeni, akalia kwa sauti mbele za watu, bila kujali nani anamtazama. Ndayiragije akamshika bega.

"Patroni, panda. Marehemu hangoji."

Akapanda. Aliketi juu ya gunia la mpunga, akaiweka miguu ya mama yake mapajani, ingali na joto kidogo. Gari jeupe walilipita, milango wazi, wala hakugeuka kulitazama. Njia nzima mpaka Uvira, Kikohozi kilikohoa, na kila kilipokohoa Abdoul-Karim aliyafumba macho.

Mama alizikwa jioni ile ile, kabla ya jua kuzama. Wahenga hawakukosea walipotuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.